Darasa la Kulewa

Ko. Ko-ko. Ko.

Nilisikia hivyo kabla sijaona hata bati la paa. Nilikuwa nimeshuka meli ya Bukoba asubuhi ile, nikamngoja shangazi barazani kwa jirani yake hadi jua likapinda, na jirani, aliyechoka kunitazama nikisinzia juu ya sanduku langu la bati, akaniambia, "Shuka tu ziwani utamkuta. Usiulize mtu, fuata wanapogonga."

Nikashuka kwa kijia katikati ya mawe. Nilidhani ni watu wanaponda kokoto, kwa sababu Mwanza siku ile niliiona kama mji wa mawe na watu walioamua kuyapunguza. Lakini mlio wa jiwe ni mkavu. Huu ulikuwa na tumbo, mlio wa mti juu ya kitu kilicho wazi ndani. Ulianza chini, ukapanda taratibu, ukawa mwembamba kama mtu anayejiandaa kuimba, kisha ukakoma. Sauti ya mwanaume ikasema, "Hapo. Umesikia? Hapo imeshiba."

Nilipozunguka jiwe la mwisho nikaliona ghala la pamba la chama cha ushirika, na mbele yake mtumbwi mkubwa wa mbao umelazwa kifudifudi juu ya magogo. Vijana kumi na wanne waliuzunguka, kila mmoja na kipande cha pamba begani kama mama aliyebeba nepi. Shangazi alikaa kwenye benchi na daftari lake. Na juu ya ukuta unaotazama ziwa, kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mkono wangu, kulikuwa kumeandikwa: DARASA LA KULEWA VIJANA.

Nilisoma mara mbili. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, na niliamini kusoma najua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Usiangalie juu," akasema. "Kila anayekuja anaanza kwa kuangalia juu."

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa bibi maendeleo wa kata ile. Alikuwa mfupi, mwenye hatua za haraka, na alivaa sweta hata mchana wa Mwanza kwa sababu alisema joto la nje halimhusu. Hakuwahi kuonja pombe ya ndizi, hata kwenye harusi za kwetu ambako kukataa ni kama kumtukana bwana harusi. Divai ya kanisani aliigusa kwa ncha ya ulimi, akafuta mdomo. Mtu kama huyo kuketi chini ya maandishi yale kila siku, saa tisa hadi saa kumi na mbili, ilikuwa adhabu ambayo hakuistahili, na alivyoibeba ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kumpenda nikiwa mtu mzima na siyo tu kama mtoto anavyompenda shangazi yake.

Habari ya maandishi ilikuwa hivi. Aliyeyapaka alikuwa kijana mmoja wa darasani, mwenye mkono mzuri na sikio zuri kupita wote. Shangazi alisimama chini akimsomea, yeye yuko juu ya ngazi, upepo wa ziwa unapita katikati yao. Shangazi akasema, "Kulea." Kijana akauliza, "Ku-nini?" Shangazi, ili asikike, akalivuta neno kama mtu anayeita ng'ombe: "Ku-le-aaa." Katika kuvutwa huko, w ikajipenyeza. Kijana aliandika alichosikia. Wakati shangazi anarudi nyuma hatua kumi ili atazame kazi, kopo la rangi lilikuwa limekwisha. Ilikuwa rangi iliyobaki kwenye ukarabati wa boti ya mtu, na miaka ile kopo lingine la rangi lilipatikana kama sabuni na sukari, yaani kwa bahati na kwa foleni. Walijaribu kuisugua w kwa mchanga. Ikapauka ikawa ya waridi, na tangu hapo watu wakaikodolea macho zaidi.

"Ukiweka mkato kabla ya vijana," alisema mchoraji mwenyewe, "inakuwa mwaliko."

Na kwa kweli ilikuwa mwaliko. Wiki iliyofuata walikuja vijana sita wapya kutaka kujua ni serikali gani imefungua darasa la kulewa. Walicheka, wakatazama mtumbwi, wakabaki. Mtaani wakaanza kuaga hivyo. Saa tisa ikifika, kijana anamwambia mama yake, "Mama, nakwenda kulewa." Siku moja alishuka mama mmoja na mwiko mkononi, unga bado umeganda juu yake.

"Yuko wapi anayelewesha watoto?"

"Ni mimi, mama," shangazi akasema. "Karibu ukae."

"Sikai. Mwanangu ananiaga usoni kwamba anakwenda kulewa, na anarudi jioni anakula ugali wote kama mlima umehama. Mlevi gani anakula hivyo?"

"Huyo hapo mwanao. Mnuse."

Yule mama akamnusa mwanawe kichwani, shingoni, kwapani, mbele ya wenzake wote. Kisha akasema, "Ananuka pamba," akakaa kwenye benchi, na mwiko ukakaa magotini mwake hadi saa kumi na mbili.

Shangazi hakuanza na mitumbwi. Mwaka uliotangulia kijana mmoja wa mtaa ule alikunywa gongo jioni, akaamka haoni. Shangazi ndiye aliyemshika mkono kumpeleka hospitali na ndiye aliyemrudisha, na njia nzima yule kijana aliuliza kama kumekucha. Baada ya hapo akaanza kuwakusanya vijana waliokuwa wakishinda juu ya mawe na misokoto ya bangi. Aliwahutubia katika ofisi ya kata. Akawaonyesha picha ya ini bovu. Akamleta bwana mmoja mwenye elimu, aliyetaja vileo vyote vya dunia kimoja kimoja, rangi yake, kinavyovutwa, kinavyomezwa, na kinavyomfanya mtu ajisikie kwa saa ya kwanza. Vijana waliosinzia kwenye ini waliamka.

"Waliingia wakijua bangi na gongo," shangazi aliniambia. "Wakatoka na orodha ya manunuzi. Hiyo hasara niliileta mimi, kwa kumwalika kwa mdomo wangu mwenyewe."

Akawa anapita ufukweni na aibu hiyo alipomwona fundi. Alikuwa Mkerewe wa vijiji vya karibu na Nansio, umri kama wa baba yangu, mwembamba, akikalafati mtumbwi wa mtu. Kukalafati ni kuziba nafasi kati ya mbao: unasokota pamba, unaiingiza kwa patasi butu na nyundo ya mti, unaigonga hadi ikaze, maji yasipite. Vijana walewale waliosinzia mbele ya ini walikuwa wamemzunguka, wima, kimya, saa nzima. Shangazi akamwomba aje awafundishe.

"Mimi nakunywa, mama," fundi akasema.

"Saa ngapi?"

"Saa moja."

"Darasa linaisha saa kumi na mbili."

"Basi tunapishana."

Huo ndio mkataba uliokuwepo kati yao. Ushirika ukaazima ghala hadi msimu wa pamba, na pamba chafu iliyobaki pembeni, isiyouzika, ikawa ya kazi.

Shangazi alinifanya katibu siku ya pili, kwa kuwa nilikuwa nasubiri matokeo na mkono wangu wa kuandika ulisomeka. Kwa hiyo nilimtazama fundi miezi kadhaa kutoka kwenye benchi, na namkumbuka zaidi mgongo. Hakuwaangalia vijana. Aliwapa mgongo, akafanya kazi yake, akasikiliza. Pamba ikiwa haijajaa mlio ni mzito. Ikikaribia unapanda. Ikishiba unakuwa kama kengele ndogo, na ukiongeza pigo moja baada ya hapo unaichana mbao. Kazi nzima iko kwenye kulijua pigo la mwisho. Na mtu aliyevuta au kunywa hulipita.

"Wewe wa tatu kushoto," alisema bila kugeuka. "Leo mkono wako unachelewa sikio."

"Nimechoka tu, Fundi."

"Umechoka ukiwa juu ya mawe au umechoka ukiwa nyumbani?"

Wenzake wanainamisha vichwa kuficha kicheko.

"Ingia ndani," fundi anasema.

Hakumfukuza mtu hata mara moja. Adhabu yake ilikuwa kuingia chini ya mtumbwi uliopinduliwa, ukae humo gizani umekunja magoti, wakati wenzako kumi na watatu wanagonga juu ya kichwa chako. Aliyetoka humo alitoka na macho ya mtu aliyeungama.

Kwa r na l fundi hakujali sana. Aliniita "katibu mzuli", na vijana walipomwiga alicheka nao. Ilipofika saa kumi na mbili alitundika nyundo, akanawa ziwani na kusema maneno yaleyale: "Haya, nyinyi nendeni mkale. Mimi nakwenda kuharibika." Akaenda kweli. Hakuficha. Walikuwa wakimwona asubuhi akipita kwenda kununua kiberiti, mikono inatetemeka kiasi kwamba sarafu inaanguka. Na walikuwa wakimwona saa tisa akiishika nyundo, mikono bado inatikisika, ikitulia pigo kwa pigo kama bata anavyotulia maji yakipoa. Hakuna aliyewaeleza chochote. Walitazama.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Fundi alifika saa tisa na nusu, macho mekundu. Shangazi alikuwa amekwenda Kamanga kwa shughuli za kikazi. Fundi alisalimia, akachagua patasi, akaanza. Nami, ambaye kwa wakati ule sikio langu lilikuwa limeshajifunza mengi bila mikono kujua, nikasikia. Ko. Ko... ko. Vijana wote walisikia. Nyundo zao zikakoma moja baada ya nyingine hadi ya fundi ikabaki peke yake, ikijikwaa.

Mchoraji ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwambia baba yake kwamba kifungo kimefunguka.

"Fundi. Mkono wako unachelewa sikio."

Nilidhani atampiga. Fundi akasimama, mgongo kwetu kama kawaida. Kisha akalaza nyundo, akapiga magoti, akainama, akaingia chini ya mtumbwi.

Hakuna aliyejua la kufanya. Kutoka chini ya mbao sauti yake ikaja, nzito kama ya mtu aliye kisimani. "Mnangoja nini? Gongeni."

Waligonga. Mwanzoni kwa woga, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. "Nani huyo anabembeleza mbao?" fundi akauliza kutoka chini, na hapo kicheko kikawashinda, wakagonga kwa nguvu zao zote, na mimi nikaacha daftari, nikachukua nyundo yake iliyolala pale, nikagonga nao. Alipotoka alikuwa ametapika kidogo na shati lake lina mchanga. Akaitazama nyundo mkononi mwangu.

"Ulisikia iliposhiba?"

"Nilisikia."

"Basi kwa nini unakaa kwenye benchi?"

Barua kutoka ofisi ya mkoa ilifika mwezi uliofuata, ikiwa na fomu. Msimu wa pamba ulikuwa unakaribia na ushirika ulitaka ghala lake. Ofisi ingeamua kama darasa litafutiwa mahali pengine pa kudumu au litafungwa, na ili iamue ilitaka karatasi yenye safu mbili: faida upande huu, hasara upande ule. Chini kabisa kulikuwa na sharti kwamba mwalimu wa vijana awe mtu asiyetumia kileo, na nafasi ya kuandika kama analitimiza. Shangazi alilisoma sharti hilo akiwa amesimama, kisha akakaa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ukweli ukiandikwa pale, darasa lingeweza kufungwa. Usipoandikwa, shangazi angekuwa amedanganya, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya hata kwa mwenye duka aliyemuuliza kama amepunjwa.

Tulikaa ghalani alasiri moja kabla ya darasa kuanza, yeye, mimi, na fundi aliyekuwa akinoa patasi pembeni.

"Anza na hasara," shangazi akasema. "Hizo zinaonekana."

Nikaandika ghala. Nikaandika pamba, ingawa ilikuwa takataka. Nikaandika saa tatu za shangazi kila siku, ambazo kabla ya hapo zilikuwa za akina mama wajawazito. Kisha nikasita.

"Kuna nini?"

"Maji, shangazi. Zamani vijana walichota maji ya saa kumi. Sasa yanachotwa na dada zao peke yao. Ndoo zao na ndoo za kaka zao."

Shangazi alinitazama kama mtu aliyekuta mlango ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote. "Hilo sikuliona," akasema. "Andika. Andika kwa herufi kubwa."

Akaichukua kalamu mwenyewe kwa lililofuata. Mchoraji wetu, yule mwenye sikio zuri, alikuwa amechukuliwa na wenye mitumbwi kwenda kambi ya wavuvi visiwani, kwa sababu fundi kijana anayejua kukalafati anatafutwa kama dhahabu. Tulimshangilia siku anaondoka. Wiki tatu baadaye habari zikarudi kwamba kambini pombe inanywewa tangu mitumbwi inaporudi asubuhi, na kwamba naye yumo. Shangazi aliandika polepole: *Tumewapa kazi inayowapeleka mahali pa kile tulichowakataza.* Kalamu ilitoboa karatasi kwenye nukta.

"Faida sasa," nikasema, nikitaka kumtoa hapo.

"Faida," akasema.

Ningeweza kuandika mitumbwi iliyozibwa. Lakini darasa halikuanzishwa kwa ajili ya mitumbwi.

"Shangazi, nitaandikaje kitu ambacho hakikutokea? Yule ambaye hakuvuta, nitajuaje kwamba angevuta?"

"Hujui. Na mimi sijui." Alijifunika vizuri na sweta yake. "Ndiyo kazi yangu hiyo, mwanangu. Nimefanya miaka yote kazi nisiyoweza kuionyesha. Mwenzangu wa kilimo anaonyesha muhogo. Mimi naonyesha nini? Naonyesha kijana amekaa kwao anakula ugali. Watu wanasema, si kila mtu anakula ugali?"

Fundi akacheka pale pembeni. Kusoma alikuwa anajifunza tu, kwenye madarasa ya watu wazima, kwa hiyo akaniomba nimsomee yote tangu mwanzo. Nikamsomea. Nilipofika chini, kwenye sharti la kileo, nikasoma pia, maana ingekuwaje nisisome.

"Bado hamjaandika," akasema.

"Bado," shangazi akajibu.

"Katibu, andika upande wa hasara: mwalimu wetu ni mlevi."

Nikamtazama shangazi. Akatikisa kichwa kukubali, macho yake yako ziwani. Nikaandika.

"Sasa andika hivyohivyo upande wa pili."

"Upande wa faida?"

"Maneno hayohayo. Usiongeze."

Nikaandika. *Mwalimu wetu ni mlevi*, mara mbili, sentensi mbili zinazotazamana. Tangu siku ile nimeandika mengi, na sijawahi kupata tena sentensi iliyokaa sawa namna ile kwenye pande zote mbili za kitu. Wale vijana walikuwa na ini kwenye picha na wakasinzia. Walipompata mtu aliyewaonyesha mikono yake saa tisa na akawaaga saa kumi na mbili akienda kuharibika, hawakusinzia. Lakini pia ni kweli kwamba walimpenda, na mtu unayempenda unaweza kumfuata hata anakokwambia usimfuate. Mimi mwenyewe sijui mizani ilikuwa inaegemea wapi. Nilijua tu kwamba imewekwa pale bila mtu kuisukuma kwa kidole.

Afisa kutoka mkoani alikuja siku ya Jumanne, kwa miguu, kwa kuwa gari la ofisi halikuwa na petroli. Alikuwa mtu wa kwetu Bukoba, mpole, mwenye suti ya safari iliyochakaa kwenye mifuko. Aliangalia juu, akasoma, akaangalia viatu vyake kwa muda. Alisalimiana na shangazi kwa lugha ya nyumbani, wakaulizana habari za migomba na za wazee. Alikaa kwenye benchi saa nzima akiwasikiliza vijana, na wasichana wawili walioanza kuja wiki ile, na mimi nikiwa na nyundo. Fundi alimpa mgongo kama anavyompa kila mtu. Mara moja akasema, "Pigo moja limezidi hapo," na afisa akainua kichwa, na nikaona kwamba naye ameanza kusikia.

Kisha jua la ziwani likawa kali, shangazi akatuingiza wote ghalani, na afisa akaisoma karatasi akiwa ameegemea marobota ya magunia. Alipomaliza aliacha lugha ya nyumbani, akaongea Kiswahili. Hapo nikajua mambo ni magumu.

"Dada, nitaandika liendelee. Nimeona kwa macho yangu. Shule moja ina banda halitumiki, nitawaombea. Lakini karatasi hii ikienda hivi, wale watakaoisoma hawatamwona huyu mzee. Wataona neno."

"Neno ni la kweli," shangazi akasema.

"Sijasema la uongo."

"Basi nifanye nini, ndugu afisa?"

"Ama sentensi iondoke, ama mtu aondoke." Alisema kwa huzuni, na akamtazama fundi usoni wakati anasema, jambo ambalo nilimheshimu.

Shangazi alikunja na kukunjua ukingo wa sweta yake. Alikuwa na vijana kumi na watatu, wasichana wawili, na mtu mmoja aliyekuwa amempa neno lake tangu siku ya kwanza bila kumficha kitu. Nilingoja aseme fundi abaki. Nilikuwa na umri ambao mtu anangoja mambo kama hayo. "Siwezi kuwafundisha watoto wasilewe kwa kuwadanganya wakubwa wao," akasema mwishowe. Sentensi ingebaki, na kila mtu alisikia pigo la mwisho limefika.

Fundi alikuwa ameshasikia. Alifuta patasi kwa pamba, akaiweka juu ya robota mbele yangu.

"Katibu mzuli, Kiswahili si kina 'alikuwa'?"

"Kinayo, Fundi."

"Weka hiyo. Mwalimu wetu *alikuwa* mlevi. Pande zote mbili. Hapo mama hajasema uongo, na afisa hajapeleka neno baya."

Mmoja wa vijana, yule ambaye mama yake alikuja na mwiko, akauliza haraka, uso wake umejaa tumaini, "Umeacha, Fundi?"

"Nimeacha kazi. Pombe bado hatujaongea nayo."

Wakacheka, halafu wakaelewa, kicheko kikafia katikati. Afisa akatazama chini. Shangazi akasimama, akamwendea, akampa mkono wake mdogo, na fundi akaushika kwa mikono yake miwili ambayo, kwa kuwa ilikuwa saa kumi na amefanya kazi tangu saa tisa, haikutetemeka hata kidogo.

"Utakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Nyumbani. Nikinywa huko nitakuwa hasara ya mke wangu tu, na yeye ana safu yake, anaijua."

"Nilipima vibaya?" Alimuuliza kwa sauti ndogo. Aliniuliza mimi swali hilohilo miaka mingi baadaye, akiwa amelala kitandani, baada ya darasa kuhamia kwenye banda la shule, kulea wengi, kupoteza baadhi, na kumalizika lenyewe kama mambo mengi ya miaka ile yalivyomalizika. Nilimfunika sweta.

Siku ile fundi alikuwa na jibu, la aina yake. "Mama," alisema, "mbao ikiwa na pengo huulizi pamba kama inapenda kuingia." Akamtazama kidogo. "Ila ulinipa miezi minane ya saa tatu tatu. Hizo sikuharibika. Hizo usiziandike popote, ni zangu."

Akachukua koti lake kwenye msumari. Akapita mbele ya vijana mmoja mmoja akiwagonga kidogo kichwani kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, akimwambia kila mmoja "bado haijashiba" au "wewe angalia usizidishe". Aliponifikia mimi hakugonga. Alisema, "Usirudi kwenye benchi." Kisha akatoka nje kwenye mwanga wa ziwa, akauvuta mlango wa bati kwa mkono mmoja, na ukajifunga nyuma yake.